Fast Break, Lakini Polepole

Kuna kazi ambazo hazipelekwi kwa wahakiki. Hazizinduliwi kwa hotuba na mvinyo wa bure, hazina sifa za watu maarufu nyuma ya jalada, na hakuna mwalimu aliyewahi kuzitungia swali la KCSE. Lakini zina mtunzi, zina muundo, zina jina lililochaguliwa kwa makini, na zinafika mikononi mwa watu wengi kuliko riwaya yoyote utakayoitaja. Leo nataka kuisoma moja: Fast Break, chokoleti ya Kimarekani inayotengenezwa na kampuni ya Hershey chini ya jina la Reese's. Ilitoka mwaka 2001. Ina gramu 51. Nje ni chokoleti, ndani ni siagi ya njugu na nugati. Basi.

Huenda umeionja. Vitu kama hivi huingia Nairobi ndani ya sanduku: shangazi karudi kutoka majuu, sanduku limefunguliwa sebuleni, viatu huku, vitamini za nyanya kule, na mfuko wa chokoleti umeshikwa na mama mwenye nyumba ili zigawanywe kwa haki. Chokoleti ya majuu ina heshima yake. Mtu anaweza kuiweka kwenye friji wiki nzima, anaifungua tu mlango aione kama bado ipo. Hakuna anayefanyia hivyo njugu za shilingi ishirini zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari, na hali kiungo kikuu ni kilekile. Tofauti hiyo ya heshima ndiyo iliyonifanya niiandikie.

Hoja yangu ni hii. Fast Break ni hadithi fupi iliyotungwa imalizike kabla msomaji hajapata nafasi ya kuuliza swali. Ufundi wake si wa kudharau, na tutauona. Ila ufundi huo una kazi nyingine ya pembeni, nayo ni kutufanya tusiulize njugu ilifikaje Marekani, na kakao ilichumwa na nani.

Tuanze na utamu, kwa sababu mhakiki asiyesema kama kitu ni kitamu anakwepa kazi. Ni kitamu. Chokoleti ya nje ni nyembamba, inavunjika bila fujo. Siagi ya njugu iliyo ndani si ile laini ya kupaka mkate asubuhi. Ni nzitonzito, ina chengachenga, na ina chumvi. Hiyo chumvi ndiyo sentensi bora katika kazi nzima. Inakuja wakati ulimi umeshaanza kuchoshwa na sukari, inaurudisha macho, na kukufanya utake kuuma tena ili sukari ipate mtu wa kugombana naye. Mwandishi yeyote wa hadithi fupi anaijua mbinu hii: usimpe msomaji raha mfululizo, mtie chumvi kidogo katikati, halafu uone kama ataweka kitabu chini.

Halafu kuna nugati, ule mseto mweupe, mlaini, unaovutika kidogo. Hutengenezwa kwa sukari iliyochemshwa ikachanganywa na ute wa mayai na kupigwa mpaka ijae hewa. Ni kitu cha zamani. Ufaransa kuna mji unaoitwa Montélimar uliojulikana kwa nugati yake, na huko nugati ni asali, ute wa mayai na lozi. Jina lenyewe linatoka katika lugha ya kusini mwa Ufaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini la kokwa, *nux*. Yaani nugati ni kitu cha kokwa kwa jina na kwa asili. Ilipovuka kwenda kwenye viwanda vya Marekani, kokwa zilitolewa, hewa ikabaki. Kampuni ya Mars ilipotoa Milky Way mwaka 1923, moja ya sababu za mafanikio yake ilikuwa kwamba ndani yake kulikuwa na nugati iliyoumuka, kwa hiyo ilionekana kubwa kuliko kipande cha chokoleti tupu cha bei ileile. Mnunuzi alipata kitu cha kujaza mkono. Kilichojaza mkono kwa sehemu kubwa kilikuwa upepo.

Silaumu. Hewa ina kazi yake katika kila sanaa, hata mashairi yana nafasi nyeupe kwenye ukurasa. Katika Fast Break nugati ndiyo inayoituliza ile siagi ya njugu isikabe koo. Lakini angalia ajabu yake: kitu kilichoitwa kwa jina la kokwa, kikanyang'anywa kokwa, sasa kimelazwa kitanda kimoja na njugu, na hakuna hata mmoja anayemjua mwenzake. Hii ndiyo tabia ya kazi nzima. Kila kiungo kimefika pale baada ya kusahaulishwa kwao.

Sasa jina. *Fast break* ni lugha ya mpira wa vikapu: mmenyang'anya mpira, wapinzani hawajarudi kujipanga, mnakimbia nao mbele mfunge kabla ulinzi haujakaa sawa. Jina linalingana na mahali lilikotoka, pengine bila kukusudia. Hershey si jina la kampuni tu. Ni mji pia, Hershey, Pennsylvania, uliokua kuizunguka kiwanda cha Milton Hershey. Na ni katika ukumbi wa michezo wa mji huo, Machi 2, 1962, ambapo Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Mechi iliisha 169 kwa 147. Hakuna mkanda wa televisheni wa mechi hiyo. Kilichobaki maarufu zaidi ni picha moja: Chamberlain ameketi, ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa 100 kwa mkono. Mojawapo ya mambo makubwa kuliko yote katika mchezo huo yalitokea kwenye mji wa chokoleti, na ushahidi wake ni karatasi.

Jina hilo lina tafsiri nyingine kwa msomaji wa Mombasa au Eastleigh. *Fast* ni haraka, lakini pia ni saumu. Lisome hivyo na mkononi umeshika futari. Nimewaza sana juu ya tafsiri hizi mbili kwa sababu zinavutana. Futari ina utaratibu: unasubiri adhana, unaanza na tende na maji, unakula na watu, unakumbuka kwa nini ulikuwa na njaa. Shambulizi la mpira wa vikapu ni kinyume chake kabisa, faida yote iko katika kutompa mtu muda. Kampuni ilichagua maana ya pili, na kila kitu ndani ya ganda kinaitii. Hakuna njugu nzima ya kutafuna. Hakuna karameli ya kukwama kwenye jino. Vyote vimelainishwa viteremke. Ukihesabu, ni kuuma mara tano au sita, na imeisha.

Wengine wataniambia, aah, mse, si ni peremende tu? Watu wana stress, wana boda za kulipa, wana bosi wa kumjibu saa tano usiku kwenye simu. Waachie dakika mbili zao za sukari. Nakubali kuhusu hizo dakika mbili. Sina nia ya kumpokonya mtu kitu mdomoni. Lakini hatusemi "si ni hadithi tu" tukisoma riwaya iliyomweka Mwafrika jikoni kurasa 300 bila kumpa jina. Tunauliza nani anaongea humo na nani ananyamazishwa. Swali hilohilo linafaa kwa kitu tunachokila, hasa kitu ambacho tumekipa heshima kuliko vya kwetu.

Nani anaongea kwenye ganda la Fast Break? Anaongea Reese. Harry Burnett Reese alikuwa mtu halisi. Alianza kufanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya Hershey mwaka 1917, akawa na familia kubwa mno, watoto 16, na mshahara hautoshi. Akaanza kupika peremende zake mwenyewe, na mwaka 1923 akawa na kampuni. Mwaka 1928 akatoa vile vikombe vidogo vya chokoleti vyenye siagi ya njugu ndani, akitumia chokoleti ya Hershey, mwajiri wake wa zamani. Vita Kuu ya Pili ilipofanya sukari kuwa adimu, aliacha peremende zake nyingine akabaki na vikombe hivyo tu. Alifariki mwaka 1956, na mwaka 1963 kampuni yake ikaunganishwa na Hershey. Ni hadithi nzuri, ina jasho na ina bahati, na sina ugomvi nayo. Mtu huyu alistahili jina lake liandikwe kwa herufi kubwa za manjano.

Ugomvi wangu ni kwamba hadithi ya njugu inaanzia hapo, kana kwamba njugu ilizaliwa Pennsylvania.

Njugu haikuzaliwa Pennsylvania. Asili yake ni Amerika ya Kusini, maeneo ya Bolivia na kaskazini mwa Argentina. Wareno waliileta pwani ya Afrika magharibi na ya kati katika karne ya 16. Huku ilipokelewa haraka kwa sababu watu walikuwa tayari na mmea unaofanana nayo, njugu mawe, ambayo pia hukomaa chini ya udongo. Walijua kuilima, walijua kuichemsha, kuikaanga, kuisaga na kuimwaga kwenye mchuzi. Kisha ikapanda meli. Meli zilizobeba watu waliotekwa zilibeba na njugu za kuwalisha njiani, na waliofika hai kusini mwa Marekani waliipanda kwenye vishamba vidogo walivyoachiwa kulima wenyewe baada ya kazi ya bwana. Kwa muda mrefu Wazungu wa huko waliiona kama chakula cha watumwa na nguruwe.

Ushahidi wa safari hiyo uko kwenye lugha. Kusini mwa Marekani njugu iliitwa, na bado wapo wanaoiita, *goober*. Neno hilo ni *nguba* ya Kikongo. Kulikuwa na jina la pili, *pindar*, nalo linatokana na *mpinda*, la Kikongo vilevile. Litamke *nguba* kwa sauti, halafu utamke *njugu* yetu. Majirani kabisa, ingawa ujirani wa sauti si ushahidi wa undugu, na sitaki kudai zaidi ya hapo. Inatosha kusema kwamba mtu aliyenyang'anywa jina lake, dini yake na watoto wake alifaulu kuvuka bahari na jina la njugu, na akawafundisha waliomnunua kulitamka. Maneno machache ya Kiafrika yalipenya Kiingereza cha Marekani namna hiyo. Hili lilipenya kupitia tumboni.

Sasa tafuta *nguba* kwenye ganda la Fast Break. Tafuta kwenye maelezo yoyote ya chokoleti hii. Njugu imesagwa, na jina lake limesagwa pamoja nayo.

Hata pale Marekani ilipotaka kumkumbuka Mwafrika katika hadithi ya njugu, ilikosea namna ya kumkumbuka. Wengi wetu tuliwahi kusikia kwamba George Washington Carver ndiye aliyevumbua siagi ya njugu. Carver alizaliwa utumwani Missouri, akawa mwanasayansi, akafundisha Tuskegee kuanzia 1896, na mwaka 1916 alichapisha kijitabu cha kuwaonyesha wakulima namna ya kulima njugu na njia 105 za kuipika. Shabaha yake ilikuwa mkulima maskini Mweusi ambaye pamba ilikuwa imemchosha udongo. Lakini siagi ya njugu haikuwa yake. Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipata hataza ya unga mzito wa njugu mwaka 1884, na John Harvey Kellogg, yule wa nafaka za asubuhi, aliomba yake mwaka 1895. Miaka ya 1920 Joseph Rosefield akapata njia ya kuzuia mafuta yasijitenge na kuelea juu ya chupa. Wenye hataza walipata pesa. Carver alipata sifa ya kitu ambacho hakukifanya, na kile alichokifanya, elimu kwa wakulima, kikasahaulika nyuma ya hiyo sifa. Na kina mama waliosaga njugu kwenye vinu na mawe vizazi vingi kabla ya hataza zote hizo hawakupata hata uongo wa kuwasifu.

Tuje kwenye chokoleti yenyewe, maana hapa ndipo mwaka wa kuzaliwa wa Fast Break unapoanza kunisumbua. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka nchi mbili, Côte d'Ivoire na Ghana. Mwanzoni mwa karne hii habari za watoto wanaotumikishwa kwenye mashamba ya huko zilifika Marekani kwa kishindo. Mwaka 2001, mwaka uleule ilipotoka Fast Break, mbunge Eliot Engel wa New York alipendekeza jambo rahisi: kuwe na alama kwenye ganda la chokoleti, ya kumhakikishia mnunuzi kwamba haikutengenezwa kwa utumwa wa watoto. Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo hilo, kura 291 kwa 115.

Hebu tusimame hapo kidogo, kwa sababu hili ni suala la uhandishi kabisa. Kulikuwa na sentensi moja fupi iliyokuwa inakaribia kuandikwa kwenye ganda la kila chokoleti nchini Marekani. Kampuni za chokoleti zikapinga. Pendekezo halikufika kuwa sheria. Badala yake, Septemba 2001, yakatiwa saini makubaliano ya hiari yanayoitwa Harkin–Engel, Hershey ikiwa miongoni mwa kampuni zilizoyaunga mkono, ya kuondoa aina mbaya zaidi za kazi za watoto kwenye kakao ifikapo 2005. Ikafika 2005. Tarehe ikasogezwa hadi 2008. Ikasogezwa tena hadi 2010. Kisha lengo lenyewe likapunguzwa: si kuondoa tena, ni kupunguza kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka huo 2020, watafiti wa NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago walitoa ripoti iliyokadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa kwenye ajira ya watoto katika kilimo cha kakao katika nchi hizo mbili, karibu wote kwa kazi za hatari kama kutumia panga na kubeba mizigo mizito. Wengi walikuwa mashambani kwa familia zao, na hilo halipunguzi uzito wa jambo. Linatuambia tu kwamba bei anayolipwa baba haitoshi kuajiri mtu mzima.

Katika fasihi tunajua kazi inaweza kusomwa kwa yale yaliyofutwa. Mswada ukiwa na mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu, mhakiki anauchunguza huo kuliko mingine. Ganda la Fast Break lina rangi, lina nembo, lina orodha ya viungo iliyopangwa kwa uzito kama sheria ya kwao inavyotaka, lina kalori. Viungo vimetajwa vyote. Sentensi iliyofutwa ingekuwa ndiyo pekee inayowahusu watu.

Na si viwanda tu vilivyojifunza kufuta. Fasihi ya chokoleti ilitangulia. Roald Dahl alipotoa *Charlie and the Chocolate Factory* mwaka 1964, wale Oompa-Loompa wanaofanya kazi kiwandani kwa Willy Wonka hawakuwa na ngozi ya rangi ya chungwa kama ya filamu ya 1971. Katika toleo la kwanza walikuwa mbilikimo Weusi kutoka msitu wa Afrika, wameletwa na tajiri kwenye makreti, na malipo yao ni kakao. Kelele zilipopigwa, toleo jipya la miaka ya 1970 likawabadilisha ngozi na nchi. Kazi haikubadilika. Mshahara haukubadilika. Bado hawatoki nje ya lango.

Dahl hakuwa mtu asiyeijua Afrika. Aliishi Dar es Salaam kuanzia 1938 akifanya kazi na kampuni ya mafuta ya Shell, alijifunza Kiswahili, na vita vilipoanza alikuja Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Ameyaandika hayo mwenyewe katika *Going Solo*. Alijua kwamba Mwafrika anadai mshahara, anagombana na bosi, ana jina. Alipoandika juu ya chokoleti, ujuzi huo wote aliuacha mlangoni, maana kwenye kiwanda cha ndoto mfanyakazi anayedai mshahara anaharibu ladha. Kwa msomaji mtoto, na tulikisoma wengi tukiwa watoto, somo lilikuwa wazi: chokoleti inatoka kwa Wonka. Fast Break inamaliza somo hilo kwa watu wazima.

Sasa linganisha na kashata. Najua, kashata haina tangazo na haitoki kwenye sanduku la mtu. Lakini isome. Sukari inayeyushwa sufuriani mpaka iwe hudhurungi, njugu zinamwagwa, mchanganyiko unatandazwa kwenye sinia na kukatwa ungali na joto, kabla haujagoma. Njugu unaiona. Iko nzima, ngozi yake nyekundu ipo, na huwezi kuila kwa haraka kwa sababu meno yatakukatalia. Kashata inakulazimisha uongee na mwenzako huku unatafuna. Mara nyingi aliyeipika ndiye anayekuuzia, au ni dada yake. Kama imeungua, unajua wa kumlalamikia.

Lakini nisije nikaigeuza kashata malaika. Sukari ya pwani nayo ina damu yake. Katika karne ya 19, kwenye bonde la Pangani, mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa, na wenye mashamba walikuwa watu wa pwani na Waarabu, waliosali misikiti ambayo bado imesimama. Hapo hakuna wa kumsingizia Hershey. Hakuna peremende isiyo na historia, na anayekuambia ya kwao ni safi anakuuzia kitu. Tofauti ninayoiona ni ndogo lakini ni ya kweli: kashata haijaificha njugu. Imeacha kiungo chake kikuu kionekane, na kitu kinachoonekana kinaweza kuulizwa maswali.

Kuna jambo la karibu zaidi pia. Hapa jirani, Bundibugyo nchini Uganda na Kyela nchini Tanzania, watu wanalima kakao. Nyingi inasafirishwa ikiwa mbegu kavu. Kisha Mnyakyusa anayejua mti huo kuanzia ua mpaka ganda anaweza kupata chokoleti yake ya kwanza kutoka kwenye sanduku la jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo, na kuihifadhi kwenye friji kwa heshima, kama vile ni kitu kigeni. Heshima ile tunayoipa chokoleti ya majuu ni sehemu ya bei yake. Sisi ndio tunaoilipa, na risiti hatupewi.

Uamuzi wangu, basi. Kama kazi ya ufundi, Fast Break ni nzuri: imejua kupima chumvi, imejua kutumia hewa, na imejua kuisha ungali unataka. Wapo waandishi wetu wenye riwaya za kurasa 400 ambao wangefaidika na somo hilo la mwisho. Kama hadithi, imedanganya kwa kunyamaza, na mwendo wake wa kasi ndio unaoufanya ukimya huo usisikike. Simwambii mtu asiile. Nasema ukiipata, usiimeze. Iweke ulimini mpaka chokoleti iyeyuke, nugati ilegee, na ibaki ile chengachenga ya mwisho yenye chumvi, ambayo haijakubali kulainishwa kabisa. Hiyo ni njugu.

Halafu ugeuze ganda, usome kilichoandikwa. Snickers ya kampuni ya Mars, iliyoanza kuuzwa mwaka 1930, ilipewa jina la farasi mpendwa wa familia hiyo. Reese ana jina, Hershey ana jina, na farasi ana jina. Nafasi ya kuandika majina mengine ipo. Hata kipande cha gramu 51 kina mgongo mpana wa kutosha.